Gololi ya Kumi na Nane

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mashamba ya viazi, Mwalimu Sifaeli alitandika kitenge kikuukuu cha mkewe kwenye uwanja wa nyuma, akaigeuza baiskeli yake matairi juu, akaanza kuifungua. Kando yake palikuwa na spana, bisibisi mbili, mswaki uliochakaa, kopo la mafuta ya taa na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Alichokifungua kwanza alikiweka kulia kabisa mwa kitenge, cha pili kikafuata kushoto kwake, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Wakati wa kurudishia alianzia kushoto. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kukosea, na kwa kutazama video kwenye simu siku mtandao ulipokubali kupanda mlima.

Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya mtumba, yenye shokapu mbele na gia ishirini na moja. Aliinunua sokoni Mwanjelwa, mjini, kwa muuzaji aliyemwambia kwamba ilikuwa imechoka lakini haijakata tamaa.

Kutoka kijiji chao cha Isongwa kushuka hadi kwenye lami ya kuingia Mbeya mjini ni kilomita kumi na moja. Kwenye makaratasi, barabara hiyo ilikamilika miaka minne iliyopita. Siku ya kukabidhiwa, wanakijiji waligawiwa fulana, na msimamizi wa mradi, Bwana Kalinga, mtu wa Iringa mwenye kicheko kikubwa, akakata utepe. Ng'ambo ya utepe hakukuwa na barabara, ila fulana zilikuwa nzuri, hazikuchuja. Jirani yao Anyelwisye aliivaa ya kwake kulimia viazi, na katikati ya viazi hivyo ndimo magari yalimopita, maana njia ya zamani ilikatwa na korongo. Bupe, mke wa fundi seremala, alijifungua akiwa njiani kwenda hospitali, kwenye shimo la tatu. Mtoto alikuwa wa kike, mzima kabisa. Wakamwita Tatu.

Mwaka wa nne tangu utepe ukatwe, mke wa Sifaeli, Tusekile, alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Mwezi Mei nesi wa zahanati alimpapasa tumbo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mtoto amelala kukingama," nesi alisema. "Huyu usithubutu kumzalia hapa. Ukiona dalili tu, hospitali, mjini."

"Kwa barabara ipi, nesi?"

"Kwa hiyo hiyo iliyokamilika," nesi alijibu, akaandika kwenye kadi.

Jumamosi iliyofuata Sifaeli alikuta ringi ya nyuma inagusa breki upande mmoja. Akakaa nayo, spoku moja baada ya nyingine, akikaza robo mzunguko hapa na kulegeza robo mzunguko pale, mpaka gurudumu likazunguka bila kuyumba. Saa nne Anyelwisye alichungulia juu ya ua.

"Mwalimu! Barabara imetoka kwenye viazi vyangu."

"Imekwenda wapi?"

"Imerudi kwake. Korongo limefunga, imenyooka twaa! Ndaga, baba, asante sana."

"Mimi nilikuwa nanyoosha ringi tu."

"Basi ndiyo hiyo," alisema Anyelwisye, akaenda kupanda viazi pale palipokuwa pamepita matairi.

Wiki ya pili Sifaeli alifungua shokapu, akaisafisha na kuitia mafuta mapya, na yale mawimbi ya barabarani yaliyokuwa yakiwatikisa watu meno yakalala kama nguo iliyopigwa pasi. Wiki ya tatu mnyororo ulikuwa umelegea, akaupunguza pingili mbili. Barabara ikapungua karibu nusu kilomita. Jumatatu wanafunzi waliotoka mbali wakapita nyumbani kwake na kumkuta bado anakunywa chai, wakafika shuleni kabla yake.

Mara moja tu alikosea. Alibadilisha tairi la mbele jioni ya Ijumaa, kwa kuwa kesho yake kulikuwa na msiba, na hakuangalia mshale unaoonyesha tairi linazunguka upande gani. Asubuhi kwaya ya Moraviani iliondoka kwenda kuimba kwenye jubilei mjini, ikateremka saa nzima, ikawasili Isongwa. Waliingia kanisani kwao, wakapanga sauti, wakaimba nyimbo zote tano. Kiongozi wa kwaya alisema baadaye kwamba wenyeji waliwapokea vizuri, ingawa walikuwa wachache. Sifaeli aliposikia habari hiyo alikwenda kuangalia tairi, akaligeuza, akaenda kuomba radhi. Wakamwambia asijali, hata mwangwi wa kanisa ulikuwa mzuri.

Mwezi wa saba Bwana Kalinga alifika peke yake siku ya Jumatano. Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya Mwalimu, akashuka taratibu huku akitazama nyuma alikotoka.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene. Karibu, Bwana Kalinga."

"Wakaguzi wanakuja Jumanne ijayo. Nilipanda huku kutafuta nitawapitisha wapi wasiione barabara." Alijifuta jasho. "Sasa nimeikuta ipo."

"Ipo."

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi natengeneza baiskeli tu," alisema Sifaeli, akamwonyesha.

Kalinga aliizunguka baiskeli, akalibonyeza tairi, akatikisa kichwa kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Tusekile akaleta chai. Alipomwona na tumbo lake Kalinga alisimama kumpokea kikombe, maana hakuwa mtu wa roho mbaya.

"Mwalimu," alisema baada ya kikombe cha pili, "kuna nyingine kule Mafinga, inapita kando ya misitu ya mbao. Imekamilika tangu mwaka juzi, ila haijaanza. Huwezi kuja na spana zako siku moja?"

"Kule itabidi wapate baiskeli yao."

"Hilo nalo neno," alisema Kalinga, akaandika kwenye simu.

Wakaguzi hawakungoja Jumanne. Walikuja Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, wawili, kwenye gari la Kalinga. Walipanda barabara nzima bila kumwagikiwa na chai ya chupa waliyokuwa wakinywa, wakapita mbele ya nyumba ya Mwalimu na kwenda ofisi ya kijiji, ambako kuku alikuwa jikoni. Sifaeli alikuwa nyuma ya nyumba anatafuta mswaki wake. Hakuliona gari. Saa mbili akatandika kitenge, akaanza kufungua, na kwa kuwa siku za Tusekile zilikuwa karibu, aliamua leo afungue kila kitu, hata habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu chenye gololi kumi na nane, tisa kila upande. Hakupenda kuwa na kitu ambacho hakukijua hali yake.

Saa tatu Tusekile alitokea mlangoni, mkono mmoja kiunoni.

"Mwalimu. Uchungu umeanza."

Sifaeli alitazama kitenge. Vitu vilikuwa vimepangwa kutoka kulia hadi kushoto, vyote safi. Fremu peke yake iliegemea ukuta. Hapo hapo Anyelwisye akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, barabara imelala vipande vipande kule bondeni. Lakini imepangwa vizuri, kile cha kwanza kipo kulia."

"Gari lipo?"

"Lipo la Kalinga, ofisi ya kijiji. Wanakula."

"Nenda kamwambie awashe. Asiondoke mpaka nimfikie."

Tusekile alikaa kwenye benchi, akaegemeza mgongo. "Usiharakishe," alisema. Alikuwa amekaa naye miaka tisa na alijua kwamba mumewe akiharakisha hukosea. "Mimi nakupa, wewe funga."

Basi akaanza kumpa kutoka kushoto. Uchungu ulipokuja alishika benchi, naye Sifaeli akangoja, mikono yake imejaa grisi, mpaka ulipopita. Kisha akampa kinachofuata. Alipofika kwenye habu, Sifaeli alibandika gololi kwenye grisi moja moja, tisa upande wa kulia, akahamia upande wa kushoto. Moja, mbili, tatu. Nane. Akapapasa kwenye kifuniko cha kopo. Hakikuwa na kitu.

Kando ya kitenge alisimama kuku mweupe, shingo imenyooka, akimeza mate.

"Tumchinje?" aliuliza Anyelwisye, ambaye alikuwa amesharudi.

"Huyo anataga," alisema Tusekile. "Mwache. Kumi na saba zinatosha."

Sifaeli alipapasa kifuniko tena. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kufunga habu yenye pengo. Alilitazama lile pengo dogo kwenye grisi, kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameshika benchi tena na amefumba macho. Akajaza grisi kwenye pengo, akafunga. Akarudishia gurudumu, mnyororo, breki, akaangalia mshale wa tairi mara mbili. Alipolizungusha lilikwenda vizuri, ila kila mzunguko liligonga mara moja, *tk*, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

"Barabara imeungana?" alimuuliza Anyelwisye.

Anyelwisye alipanda juu ya jiwe, akatazama bondeni. "Imeungana. Twende."

Kalinga aliendesha mwenyewe. Wakaguzi walikaa nyuma na sahani zao, kwa kuwa hawakuwa na usafiri mwingine. Tusekile alikaa mbele na Sifaeli akajibana kati ya wakaguzi, magoti karibu na kidevu. Barabara ilikwenda sawa. Walipita viazi vya Anyelwisye, wakapita lilipokuwa shimo la tatu. Kwenye kilomita ya saba, karibu na mikaratusi, kulikuwa na tuta ambalo halikuwapo asubuhi. Gari liliruka. Vichwa vyote vikagonga juu, na paja moja la kuku likaondoka kwenye sahani lisionekane tena.

Tusekile alishika tumbo kwa mikono miwili. Sifaeli akanyoosha mkono, akamshika bega.

"Amegeuka," alisema.

"Nani?" aliuliza Kalinga.

"Mtoto."

"Aa, afadhali," alisema Kalinga, akabadili gia.

Mkaguzi mmoja alitoa daftari na kuandika: *Kasoro moja. Tuta, kilomita ya saba.*

Hospitalini daktari alisoma kadi iliyosema mtoto amekingama, akampapasa Tusekile, akaisoma kadi tena. Kichwa kilikuwa chini, mahali pake. Saa nane mchana alizaliwa mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, akilia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye benchi ambako baba yake alikuwa akijifuta grisi kwenye kucha kwa kijiti. Wakamwita Lusekelo.

Jumatatu kuku mweupe aliirudisha gololi. Sifaeli aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaiweka tayari kwa Jumamosi. Lakini Alhamisi jioni Bupe alikuja na Anyelwisye, wakakaa, wakamsifu mtoto, wakanywa chai, na ndipo Bupe aliposhika tumbo lake, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana tena.

"Shemeji, ile gololi usiirudishe."

"Habu itakula upande, shemeji. Kazi haijaisha ile."

"Ndiyo maana nakuomba, tuta libaki. Nesi ameshawaambia wawili wa ng'ambo ya mto kwamba watoto wao nao wamekaa vibaya. Wapite wapi?"

"Hata hivyo lile tuta unaliruka tu," alisema Anyelwisye. "Nyanyua makalio kidogo."

Sifaeli aliwasindikiza hadi njiani, akarudi, akakaa na ile gololi kiganjani mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaitia kwenye kiberiti kitupu, akaandika juu yake *18*, akakiweka nyuma ya saa ya ukutani. Usiku huo alilala vizuri, jambo ambalo hakulitarajia.

Taarifa ya ukaguzi ilisema kwamba barabara ya Isongwa imejengwa kwa umakini mkubwa na msimamizi wake anastahili pongezi. Bwana Kalinga akapewa na barabara nyingine tatu za upande wa Iringa, ambazo nazo zilikuwa zimekamilika. Kwa ile kasoro moja ziliombwa fedha, na mwezi wa tisa alipanda na mafundi wawili, ndoo ya saruji na boksi la fulana. Alipita kumsalimu mtoto, akamwachia fulana ya saizi ya mtu mzima, akasema atakua. Mafundi walichimba shimo moja kando ya tuta na kusimika bango la kijani: *Mradi wa Kuondoa Tuta, Kilomita ya Saba. Umekamilika.*

Bango lilifaa. Wajawazito ambao watoto wao wamelala kukingama huishika nguzo yake wakingoja gari. Madereva wanajua, humpakia mama, hurudi nyuma hatua ishirini, kisha huja moja kwa moja juu ya tuta. Siku za jua wanawake hujisogeza kwenye kivuli cha bango.

Mwezi uliopita Sifaeli alikuwa anashuka Mwanjelwa kununua pedi za breki. Alipokaribia mikaratusi alisimama kwenye pedeli, gurudumu likagonga *tk* chini yake, na barabara ikagonga pamoja nalo. Wanawake wawili walikuwa wanangoja, mmoja wao Bupe.

"Mwalimu, hili linataka kutuangukia," alisema Bupe, akalitikisa bango.

Kweli, nati za chini zilikuwa zimelegea. Sifaeli alishuka, akatoa spana kwenye mfuko, akazikaza zote nne, robo mzunguko kila moja kwa zamu, ili bango lisivute upande. Kisha akachukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye neno *Umekamilika* mpaka likasomeka vizuri, akawatakia heri, akapanda baiskeli.