Kidole Kilichojua Kijaluo

Jumanne moja asubuhi Caren Aluoch alikuwa mezani pake Kisumu Ndogo, Kibera, akipepeta omena, wale samaki wadogo wa kukaushwa, kutoa mchanga, Daktari Kalekye alipokuja kumwambia kwamba seli zake zimegoma.

"Seli gani?" Caren aliuliza.

Daktari akamkumbusha. Miaka mitatu nyuma, siku aliyomzaa Billy, alitia sahihi karatasi kati ya uchungu mmoja na mwingine, akakubali kamba ya kitovu itumike kwa utafiti. Seli zilizotoka kwenye kamba ile zilikuwa hai bado, maabarani. Zilikuwa zikitoa majimaji, kama jasho, na jasho hilo likiwekwa kwenye neva iliyokatika, neva hukua na kurudisha hisia upesi kuliko kawaida.

"Seli zenyewe hatumwekei mtu," Daktari alisema. "Ni jasho lao tu."

Sasa zilikuwa zimekauka wiki mbili. Zilibadilishiwa chakula, zikaongezewa joto, hazikutoa hata tone. Kisha Annet, anayesafisha sakafu, akapita akiongea na dadake kwa simu, kwa Kijaluo, na vyombo vitatu vikalowa.

"Zinataka kusikia kwao," Caren alisema. "Ngoja kwanza nianike hizi."

Tangu siku hiyo alikuwa akifika maabarani kila asubuhi, anaketi mbele ya kabati la joto na kuziambia habari. Maji yamepotea tena kwa majirani wa Lindi, papo hapo Kibera. Billy anahesabu mpaka kumi lakini anaruka sita. Kwaya imepata sare mpya, na rangi haijapendeza mtu. Siku za uvivu alizigombeza: "Mnalala, na watu wanangoja mikono?" Kufikia saa nne majimaji yalikuwa yamejaa, rangi ya chai nyepesi. Mlinzi Kimanzi alimwandika kitabuni kama mgeni wa Annet, kwa sababu hapakuwa na safu ya mtu wa aina yake.

Jasho la kwanza lilitumiwa kwa Wanzala, fundi wa masanduku ya bati huko Kawangware. Bati lilimteleza likamkata kifundo cha mkono. Kidonda kilipona, lakini kidole gumba na viwili vinavyofuata havikusikia kitu. Mara mbili alinusa harufu ya kuungua kabla ya kujua ni yeye anayeungua. Fundi asiyesikia makali ya bati hawezi kurudi kazini, kwa hivyo alikaa nyumbani akimtazama mkewe, Mourine, akisukuma chapati za kuuza, na alipojaribu kumsaidia alizitoboa.

Daktari wa upasuaji aliunganisha neva na kuizungushia yale majimaji. Mwezi wa nne baada ya upasuaji, Mourine alimgusa kidole gumba na kikombe cha chai moto. Wanzala akavuta mkono ghafla. Mourine akaweka kikombe chini, akalia kidogo, kisha akamgusa tena ili ahakikishe.

Jumapili iliyofuata majirani wawili walipita wakizungumza Kijaluo. Kidole gumba kikageuka kuwafuata, kikawa kinainama na kuinuka kama mtu anayeitikia. Wanzala ni Mluhya, na Kijaluo chake kinaishia kwenye salamu. Kliniki waliandika jambo hilo kwenye faili, chini ya madhara madogo.

"Mimi sina shida," Mourine alisema. "Heri kidole kinachojua Kijaluo kuliko kidole kisichojua moto."

Jumamosi moja kidole kilianza kuvuta. Wanzala alikifuata kutoka Kawangware, akavuka Barabara ya Ngong, akateremka Kibera kati ya makanisa yaliyokuwa yakifanya mazoezi ya nyimbo, mpaka kwenye meza ya omena.

"Samahani, mama," alisema. "Kidole kimenileta hapa."

Caren alipangusa mikono kwenye leso, akaushika ule mkono, akaugeuza huku na huku kama anayemkagua mtoto aliyetoka shule. Akamwekea omena mmoja kwenye ncha ya kidole.

"Funga macho. Hapo ni kichwa ama mkia?"

"Kichwa."

Akamgeuza yule samaki. "Na sasa?"

"Mkia."

"Jameni, kujeni muone!" Caren aliita mstari mzima wa wauzaji. "Hii ni kazi yangu!" Wakaja, wakausalimia mkono mmoja mmoja, na mtu akaleta soda.

Miezi miwili baadaye hema lilisimamishwa kwenye bustani ya maabara, kwa wageni na wafadhili. Wanzala aliitwa aonyeshe kutunga uzi kwenye sindano. Caren alikuja amevaa nguo ya kanisani. Kimanzi alisoma orodha mara mbili, kutoka juu hadi chini.

"Mama Billy, mimi nakujua," alisema. "Ni karatasi haikujui."

Basi Caren akasimama nje ya ua wa vyuma, mahali anapoweza kuona. Msemaji aliwashukuru wafadhili, bodi na waliotengeneza mashine, kila mmoja kwa jina. Akasema dawa itaanzia ng'ambo, kisha hospitali mbili kubwa za jijini. Mitaa mingine itafikiriwa. Daktari Kalekye alitazama viatu vyake.

Wanzala akachukua sindano. Kidole gumba kikaiacha, kikageukia kwenye ua, alikosimama Caren. Mpiga picha akashusha kamera. Wageni walisubiri kwa adabu.

Caren aliweka mdomo kati ya vyuma na kusema kwa Kijaluo, kwa sauti ileile ya maabarani: "Geuka huko. Kazi kwanza, salamu baadaye. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Kidole kikageuka. Uzi ukaingia mara ya kwanza. Hema lote likasimama na kupiga makofi, na msemaji akainama kuyapokea.

Mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo ya nyanya alisimama, akauliza makofi yale ni ya nani.

"Wananipigia mimi," Caren alisema. "Ni vile tu hawajui."