Shemeji Aliyekuja Pekupeku

Asubuhi ile mjane mfumaji aliamka kabla ya jogoo. Kwa miaka miwili shemeji yake, fundi viatu, alikuwa hamwoi wala hamwachilii. Kwa desturi yao, ndugu wa marehemu akikataa kumwoa mjane, sharti mjane amvue kiatu mbele ya wazee, langoni pa mji. Asipomvua, haolewi kwingine wala hahamishi hata mtambo wake wa kufumia. Na karakana ya marehemu, muda wote huo, ilikuwa mikononi mwa nani? Mwa huyo huyo fundi.

Lango lilifurika watu. Wazee walikwisha kukaa. Fundi akaja akitabasamu, pekupeku.

"Nimeitwa, nimekuja," akasema. "Haya shemeji, vua."

Watu wakaangua kicheko: fundi viatu mzima, hana viatu! Mkuu wa wazee akakuna kidevu. Sheria ilitaka kiatu cha shemeji kutoka mguuni mwa shemeji. Habari za mguu mtupu haikuzitaja. Na wakiahirisha leo, kesho fundi atakuwa na homa, keshokutwa safari.

"Nipisheni," ikasikika sauti nyuma.

Alikuwa mama mkwe, mama mzazi wa marehemu na wa fundi, kashika jozi ya makubadhi ya kamba.

"Umeyaacha mlangoni kwangu ulipopita kuniamkia," alimwambia mwanawe. "Vaa."

"Mama, mimi si mwanao?"

"Ndiyo maana nimekuletea mwenyewe. Vaa, usichomwe na miba."

Nani abishane na mama yake mbele ya mji mzima? Akavaa, uso umemshuka. Mjane akapiga magoti, na vidole vilivyozoea mafundo vikafungua kamba mara moja. Desturi ilimpa pia haki ya kutema mate mbele ya shemeji aliyemkataa, lakini kinywa kilikuwa kimemkauka kwa furaha. Akakiinua kiatu juu, vigelegele vikapasua lango.

Kugeuka, mama mkwe alikuwa akiondoka peke yake. Mjane akamkimbilia, kiatu kingali mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Wewe si mkwe wangu tena. Nilipoyaokota makubadhi yale nilijua nakupoteza."

"Nimefunguliwa kwa shemeji," mjane akasema. "Kwako sikufungwa na mtu. Chumba chako kitautosha mtambo wangu?"

"Kitautosha," mama akajibu, na machozi yakamtoka waziwazi.