Magoti ya Baba Harusi

Kinyozi alikuwa na mashine ya zamani ya michezo, ile ya kuchezea mpira na ngumi kwenye televisheni, ambayo ukiitia sidii ya nyimbo nayo huimba. Vijana waliokuja kunyolewa waliicheka. Yeye aliwajibu kuwa ya kale ni dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe ilikuwa imekongoroka, haisomi kitu mpaka ipinduliwe juu chini, ibanwe magotini na kuinamishwa kidogo kushoto. Pembe hiyo aliijua yeye peke yake.

Siku ya harusi ya binti yake aliibeba kwapani hadi ukumbini. Marehemu mkewe aliwahi kurekodi wimbo mmoja kwenye sidii, nakala moja tu, na binti aliomba aingie kwa sauti ya mama. Tuseme kweli: mama yule haimbi, anagombana na wimbo. Lakini ndiye mama.

Fundi mitambo wa ukumbi aliitia sidii hiyo kwenye kompyuta yake mpya. Ikaitema. Akairudisha, ikaitema tena. Akashauri wapige wimbo wa mtu anayejua kuimba.

Kinyozi akaiunganisha mashine yake na spika, akaketi sakafuni na suti ya kuazima, akaipindua, akaibana. Mama akaanza kuimba, na waliomfahamu wakacheka huku wanafuta machozi.

Mlango ukafunguliwa. Binti akasimama pale akimsubiri baba aje amshike mkono, na hapo ndipo mzee alipouona ujinga wake: alipanga kila kitu, akasahau magoti. Akiinuka, mkewe ananyamaza. Akikaa, mtoto anaingia peke yake kama hana mzazi. Fundi akajitolea kumshikia. Alipoigusa tu, mama akakwama. Kinyozi akainyakua, akaibana tena, amejaa aibu mbele ya wakwe.

Binti alitazama mbele, kwenye viti vilivyopambwa, bwana harusi amesimama na adabu zake zote. Kisha akakusanya gauni, akakata kona, akaja kuketi sakafuni karibu na baba yake na kumwegemea begani.

"Usiinuke, Baba," alisema. "Zimebaki beti ngapi?"

"Saba."

Binti akamgeukia fundi.

"Mwambie bwana harusi akae."