Mkono Ukiwa Katikati

Mchoro ulikuwa umekwenda mtoni tangu asubuhi, na Safiya alikuwa anakunywa chai yake kwa raha zake. Mchoro wake wa kwanza, jina lake pembeni! Ulionyesha mkono wa chuma wa kushusha pampu ya mashamba ya mpunga ndani ya Mto Tana, na kebo ya umeme inayopita kwenye bawaba hadi mota iliyo nchani. Kwenye kompyuta ya ofisi pale Garsen aliuchora mkono ukiwa juu, kebo ikatosha. Akauchora ukiwa chini, ikatosha pia. Na katikati? Aa, katikati kuna nini! Kompyuta ile kongwe ilitaka robo saa kwa kila mchoro, na yeye alitaka sifa zake mapema. Haraka haraka haina baraka, tumeimbiwa tangu utotoni, wala hatusikii.

Sasa, kwa kujifurahisha tu, akausogeza mkono nusu njia. Skrini ikajichora polepole, mstari kwa mstari. Kebo ilipita ndani ya bamba la bawaba. Ndani ya chuma! Kompyuta haikulalamika, kwake kebo na chuma vyote ni mistari tu. Safiya akapima. Mkono ukifika nusu, kebo inapelea inchi nne, na bamba lile lina ukingo mkali.

"Ya Allah, Dhadho!"

Dhadho, fundi wa pampu, alikuwa mume wa dada yake Mashavu. Saa hiyo hiyo alikuwa amesimama mtoni, maji yakimfika magotini, akiipokea pampu inayoshushwa kwa majaribio ya kwanza, umeme ukiwa umewashwa. Kebo ikikatika, umeme wote unaingia majini.

Akakurupukia simu ya upepo. "Simamisheni mkono! Simamisheni!"

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya Gershom, injinia mkuu. "Mto unapanda, binti, sina siku nyingine. Mchoro niliusaini mwenyewe. Tatizo liko wapi?"

Kila kituo cha mradi kilikuwa kinasikiliza, hadi kile cha mbali kule Chara. Angeweza kusingizia mashine, angeweza kusingizia yeyote.

"Liko kwangu! Nimekosea mimi, kebo ni fupi! Zima umeme, Gershom, utamuua shemeji yangu!"

Simu ikakoroma tu. Safiya aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa maishani, akaanza kulia bila kujificha.

"Shemeji." Alikuwa Dhadho. Mtu huyu hakosi utani hata matangani, lakini leo sauti ilimtetemeka. "Umeme umezimwa. Niko ukingoni. Kebo imechunika ganda, shaba naiona kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi."

"Sasa sikia. Haya tuyazike huku huku. Usimwambie dadako."

"Nitamwambia," Safiya akasema, na vituo vyote vikasikia. "Leo hii. Nitamwambia ni mimi."