Safari Iliyobaki Ndani ya Turubai

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, Erupe aliegesha pikipiki yake kando ya duka la Namuria mjini Kakuma, akafungua kamba na kuteremsha turubai. Alikuwa mpiga picha. Kila Jumamosi alitoka nyumbani kwake Nawoitorong, Lodwar, akiwa na kamera, mashine ndogo ya kuchapisha picha ndani ya sanduku la mbao, na shuka jeupe la kutundika nyuma ya watu waliotaka picha za ofisini. Wiki hiyo shuka halikuwepo. Mke wake alikuwa amelianika kwenye ua, na mbuzi wa jirani wakalitafuna mpaka ikabaki nusu ambayo haikumtosha hata mtu mmoja mwembamba.

Basi akatundika turubai, ambalo siku nyingine lilikuwa la picha za kujifurahisha tu.

Turubai hilo lilitoka Lokichar. Kampuni moja iliyokuja na wale watafuta mafuta iliwaahidi wafanyakazi wake kwamba mwisho wa mwaka ingewapeleka pamoja na familia zao kwenye uwanja wa burudani wa mbali. Ikachapisha turubai kubwa lenye picha ya uwanja wenyewe, ili watu waone kile wanachongojea: gurudumu refu lenye viti vinavyoning'inia, treni ndogo nyekundu, mitelezo ya maji na farasi wa mbao. Kabla siku haijafika, kampuni ilifunga virago. Turubai likaezekwa juu ya zizi la mbuzi mwaka mzima, hadi Erupe alipolinunua. Safari yenyewe haikuwa imetumika. Ilikuwa bado imo ndani ya turubai, nzima, na kila aliyepigwa picha mbele yake aliikumbuka.

Watu walilizoea jambo hilo upesi. Namuria alikumbuka jinsi alivyopanda farasi wa mbao kilemba chake kikapeperuka, na ni kweli kilemba hicho hakikuonekana tena. Ebenyo, bawabu wa shule, aliondoka mbele ya kamera akiwa amelowa hadi kiunoni. Alienda nyumbani kubadilisha suruali, kisha akarudi kuchukua picha yake. Kwa wenyeji hayo hayakuwa na madhara yoyote. Mwenyeji haulizwi jana alikuwa wapi.

Abuk alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tatu kambini. Alikuja kupiga picha na binti yake Amou, mwenye umri wa miaka tisa, kwa sababu fomu ya kuomba kibali cha kutoka kambini ilidai picha mpya ya familia nzima. Amou alikuwa na tundu kwenye moyo. Zahanati ya kambi ilikuwa imemwandikia barua ya rufaa kwenda Lodwar, ambako daktari wa moyo alikuja kwa ndege Alhamisi moja tu katika kila miezi mitatu. Alhamisi hiyo ilikuwa wiki iliyofuata. Kaka yake Amou, Ajak, alikuwa na tundu kama hilo. Kibali cha Ajak kilitoka siku kumi na tisa baada ya kuzikwa, na Abuk alikihifadhi ndani ya Biblia kwa sababu hakujua karatasi kama ile hutupwa wapi.

"Ndugu, weka ile nyeupe," Abuk alimwambia Erupe. "Picha ni ya ofisi."

"Nyeupe imeliwa na mbuzi, mama. Lakini sura itaonekana vizuri. Hao wanataka sura tu."

Abuk aliona maneno hayo yana akili. Walisimama wawili, mama na mtoto, wakapigwa picha moja. Mashine ilipomaliza kuitapika, kwenye picha walikuwa watatu. Ajak alisimama kulia kwa mama yake, amevaa shati la kijani. Alikuwa amerefuka. Suruali yake ilimfikia juu ya vifundo vya miguu, na jambo la kwanza Abuk aliloliwaza ni kwamba mtoto huyu anahitaji suruali nyingine.

"Sura zote zimetoka," Erupe alisema, akaikausha picha kwa kuipepea.

Waliporudi kambini wakifuata lagha, mkondo wa mto uliokauka, kumbukumbu ikawajia. Abuk alikumbuka asubuhi ya baridi na foleni langoni. Alikumbuka Ajak akiwa mbele ndani ya treni nyekundu, akigeuka kila mara kuhakikisha kwamba wapo. Alikumbuka pamba ya sukari, ambayo Amou aliikataa kwanza akidhani ni pamba ya hospitali. Kwenye gurudumu, walipofika juu kabisa, ndala ya Amou ilichomoka mguuni ikaanguka chini polepole, na Ajak akacheka hadi akapata kwikwi. Abuk alitazama miguu ya binti yake. Ndala ya kushoto haikuwepo.

Alifurahi. Hakuna haja ya kulizungusha: kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe alifurahi, na usiku huo alilala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani.

Jumatatu alipeleka fomu, barua na picha. Jumanne akaitwa.

Ofisi ya vibali ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Karani wake aliitwa Nakuleu, mwanamke mpole aliyekuwa na desturi ya kunyoosha kingo za karatasi kabla ya kutoa habari mbaya. Alizinyoosha kwa muda mrefu.

"Mama Amou, hapa kuna shida mbili," alisema. "Ya kwanza, picha inaonyesha mlisafiri. Mlitoka kambi bila kibali."

"Madamu, huko tumeenda kwa picha tu."

"Lakini mlienda?"

Abuk alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na ndala ilikuwa imebaki huko. "Tulienda," alisema.

"Sawa. Na aliyetoka bila kibali hawezi kupewa kibali cha kutoka, hiyo ndiyo sheria. Ya pili ni huyu kijana. Familia yenu kwa kompyuta ni watu wawili. Huyu tulimfuta."

"Huyo ni Ajak. Mtoto yangu."

"Namjua. Mimi ndiye nilimfuta." Nakuleu hakulisema kwa ubaya. Alisogeza picha karibu na macho. "Amekuwa mrefu," alisema, kisha akairudisha kwenye faili.

Kulikuwa na njia, akaeleza. Ofisi ilikuwa na taarifa ya kukanusha, ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Aliisoma na kuitafsiri taratibu: kwamba mimi niliyetajwa hapa sikusafiri popote, kwamba mtoto aliyefariki hakuwa pamoja nami, kwamba picha haina ukweli. Abuk angeweka dole gumba, faili lingesafishwa, na ombi lingeendelea. Watoto hawakutakiwa kuweka dole kwa sababu hawajafika miaka kumi na minane.

"Nikiweka dole, itakuwa aje?"

"Itakuwa haikufanyika."

"Kwa karatasi?"

Nakuleu alizinyoosha tena kingo zilizokwisha kunyooka. "Kwa karatasi na kwako," alisema. "Wengine walioweka walituambia hivyo. Hawaumwi."

Abuk alikataa, akarudi nyumbani. Alikaa kizingitini jioni nzima akiipitia ile siku tangu langoni hadi gurudumu, kisha akianza tena, kama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Hakuwa na siku nyingine kama hiyo. Miaka yote ya Ajak ilikuwa ya foleni, foleni ya maji, foleni ya chakula, foleni ya zahanati, na katika foleni zote hizo hakuna hata moja iliyowahi kuishia kwenye treni nyekundu. Aliwachukia watu wa ofisi. Alimchukia na Erupe kidogo, kisha akaacha, kwa kuwa bila Erupe asingekuwa na kitu cha kunyang'anywa.

Jumatano asubuhi Amou alikwenda kuchota maji kwa mtungi wa lita tano. Alirudi midomo imekuwa ya samawati, akaketi chini katikati ya njia, mtungi umesimama wima kando yake. Hakuwa amemwaga hata tone. Abuk alipomnyanyua, aliusikia moyo wa mtoto ukigonga mkononi mwake bila mpangilio.

Alipiga moyo konde, akaenda ofisini, akaweka dole.

Wino ulikuwa wa zambarau. Nakuleu aliushika mkono wake yeye mwenyewe, akaubonyeza kwa uangalifu ili mistari yote itoke. Abuk alihisi kitu kikimtoka kupitia kidoleni, kwa ulaini, kama uzi unavyochomoka kwenye pindo la nguo. Alipoinua kidole alikuwa mwanamke aliyekaa ofisini Kakuma, ambaye hajawahi kupanda treni. Nakuleu alitoa picha kwenye faili. Walikuwa wawili, mama na mtoto, na nyuma yao ukuta mtupu wa mabati.

"Sasa picha iko sawa," alisema, akaigonga muhuri.

Iliyobaki ilikuwa saini ya mkubwa. Mkubwa alikuwa kwenye semina. Alirudi Alhamisi jioni, akasaini Ijumaa asubuhi baada ya chai. Kibali kilikuwa safi kabisa, cha siku saba, na majina hayakukosewa.

Walifika Lodwar Ijumaa saa nane mchana. Muuguzi kwenye meza ya mapokezi, mama mtu mzima aitwaye Akoru, aliisoma barua ya rufaa, akakisoma kibali, kisha akavua miwani.

"Daktari alipanda ndege jana jioni, dada yangu," alisema. "Aliuliza kama kuna mwingine. Nikamwambia hakuna."

"Anarudi lini?"

"Baada ya miezi mitatu. Mkuje na kibali kingine, hiki kitakuwa kimeisha."

Hakukuwa na gari la kurudi jioni hiyo, na mtu pekee waliyemjua Lodwar alikuwa Erupe. Wakaulizia njia hadi Nawoitorong. Walimkuta amelitandaza turubai kwenye ua wa miiba, akilipangusa vumbi kwa ufagio.

"Ejok, mama," alimsalimia kwa Kiturkana. Alimtazama Amou, akaliona dole la zambarau la Abuk, na hakuuliza kuhusu daktari. Mke wake aliwaletea maji ya kunywa na kigoda.

Amou hakukaa. Alilisogelea turubai, akainua mkono na kupunga.

"Unapungia nani?" Abuk aliuliza.

"Ajak. Yuko juu kabisa."

Abuk alitazama. Aliliona gurudumu na viti vyake, vyote vitupu, jinsi vilivyochapishwa. Alikitazama kiti cha juu kabisa mpaka macho yakamchoma. Kisha akamgeukia Erupe.

"Wewe unamwona?"

Erupe aliendelea kupangusa. "Tangu Jumatano," alisema baadaye. "Shati ya kijani. Nikikunja turubai nakunja huku pembeni, ili mkunjo usimpitie."

Abuk alikunja mikono kifuani, akaketi kwenye kigoda. Alilia mbele ya watu bila kujificha, na mke wa Erupe akasimama nyuma yake akamshika mabega mpaka akamaliza. Baada ya hapo wakala ugali.

Walirudi kambini Jumamosi. Jumatatu Abuk alichukua fomu mpya, kwa maana daktari atakuja tena na fomu huchukua muda wake. Nakuleu alimpa fomu, akamkumbusha kuhusu picha mpya ya familia nzima, yenye ukuta mtupu nyuma. Safari hii Erupe alileta shuka jeupe jipya. Walisimama wawili wakatoka wawili.

Sasa kila alasiri, kivuli cha nyumba kinapofika mlangoni, Abuk hutandika mkeka na Amou hukaa juu yake, mguu wa kushoto peku, maana ndala moja haiuzwi. Amou ni mtoto na hakuweka dole, kwa hiyo siku ile yote anayo yeye, peke yake. Abuk humwomba amsimulie. Husikiliza kama mtu anayesikiliza safari ya watu wengine, na huuliza maswali ya mtu asiyekuwepo: foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, Ajak alikula nini, alikuwa na baridi?

"Alikuwa na shati ya kijani, mama. Wewe ndio ulimfunga vifungo."

"Nilimfunga vifungo?"

"Vyote. Hata cha juu. Alikataa, ukamfunga."

Abuk huitazama mikono yake. Wino ulishatoka siku nyingi.

Maneno machache tu, na Amou huanza kuhema. Hapo Abuk humlaza kwenye mkeka, humpepea kwa kanga, na kumwambia inatosha kwa leo. Jumatatu walifika langoni. Jumanne na Jumatano walikuwa kwenye treni nyekundu, kwa sababu Amou alichoka katikati. Jana ilikuwa pamba ya sukari. Daktari anarudi baada ya wiki kumi na moja, kibali hakijatoka, na bado hawajafika kwenye gurudumu.