Jumamosi Tuliyolipita Duka

Shavonne Gadsden alikuwa hajui kutulia. Hata akiketi, goti lake moja lilicheza chini ya meza mpaka vijiko vikagongana. Vyumba vyetu vilitazamana katika Nyumba ya Misonobari, hapa Fayetteville, Karolina Kaskazini, nyumba inayopokea wanawake waliotoka jeshini wakabaki na watoto bila pa kulala, na tangu siku aliyoingia nilikuwa namsikia akiburuta kitanda. Leo kiko dirishani, kesho kiko mlangoni, keshokutwa kiko katikati ya chumba kama jeneza linalosubiri kusaliwa.

Mimi naitwa Wynette Locklear, Mlumbee, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, kutoka Robeson, mpishi wa zamani wa jeshi la majini. Nilikuwa na mtoto mchanga, Colby, na mimi na mama yangu mzazi tulikuwa hatusemeshani. Ndiyo maana nilikuwa pale.

Shavonne aliendesha malori ya jeshi kule Iraki. Alirudi na viungo vyake vyote, akaolewa, akaachika, mwenye nyumba akaiuza nyumba, na mwisho akawa analala garini na watoto wake wawili kwenye maegesho ya supamaketi. Malakai, mtoto wa miaka minne, aliambiwa wanapiga kambi, akafurahi. Deja, wa miaka kumi, hakudanganyika, ila alinyamaza kwa ajili ya mdogo wake.

Msimamizi wetu alikuwa mstaafu wa jeshi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya gwaride. Tulimwita Afande Pruitt, naye hakukataa. "Hapa si nyumbani kwenu," alikuwa akituambia. "Hapa ni kituo. Mkae, mpumue, mpate kazi, kisha mniondokee. Sitaki mtu azeekee kwangu." Alimhangaikia Shavonne mpaka akamwingiza kwenye mafunzo ya injini za dizeli. Akafuzu vizuri. Gereji inayotengeneza magari ya zimamoto ikamwambia aanze Jumatatu, na wiki hiyohiyo ikapatikana nyumba ya kupanga, vyumba viwili, ghorofani. Ufunguo angepewa Jumatatu hiyo jioni.

Ijumaa tukampikia keki. Aliikata, akaigawa kwa kila mtu, yeye hakuionja.

"Shoga, huna furaha?" nikamuuliza.

"Ninayo."

"Mbona uso kama wa mtu aliyeitwa mahakamani?"

"Wynette, kula keki yako."

Kesho yake asubuhi nilihitaji nepi. Nikaona Shavonne anawafunga watoto mikanda kwenye gari, nikatoka mbio na ndala zangu, Colby begani. "Unaelekea dukani? Nisogeze basi." Alinitazama kidogo, kama anapiga hesabu, kisha akasema, "Panda."

Buti la gari lile lilikuwa halijawahi kutolewa mizigo tangu walipokuja. Mablanketi, jiko dogo la gesi, makoti, masufuria. Tulishazoea. Sikuona ajabu hata nilipokuta begi la shule la Deja miguuni pangu.

Tukalifikia duka. Tukalipita.

"Duka lile," nikasema.

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Kuna jingine mbele."

Mbele kulikuwa na barabara kuu ya kwenda kusini, naye akaingia humo bila kupunguza mwendo. Nikajiambia labda kuna mahali nepi ni rahisi zaidi. Lakini nikaanza kuona jinsi anavyoendesha. Kila tulipokaribia daraja linalokatiza juu ya barabara, alihama njia ghafla, akapita upande mwingine chini yake, kisha akapandisha mabega mpaka tulipotokeza. Madereva wakatupigia honi. Deja, nyuma, hata hakushtuka. Alishazoea.

"Kule Iraki kuna watu walikuwa wanasimama juu ya madaraja kutuangushia mabomu," Shavonne akasema bila kuniangalia. "Wanajua utapita wapi. Usipite wanapojua."

"Hapa ni Karolina, mwenzangu. Juu ya daraja kuna mzee na baiskeli."

Hakucheka. Tukapita njia ya kuingilia Lumberton, ambako mama yangu yuko mpaka leo, nami nikajikuta nimeinamisha kichwa kana kwamba angeweza kuniona. Hapo ndipo nilipopata akili.

"Shavonne, tunakwenda wapi?"

"Jacksonville. Nina binamu."

"Florida? Binamu anajua?"

"Atajua tukifika."

"Mimi nimevaa ndala! Simu yangu iko kwenye chaji! Mtoto wangu ana nepi moja, nayo ameshaivaa!"

"Nitakununulia nepi."

"Nepi zilikuwa Fayetteville!"

Malakai akaangua kicheko, akarudia, "Nepi zilikuwa Fayetteville!" na akaendelea kuimba hivyo mpaka akasinzia. Mama yake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayening'inia. Nikamsihi. Nikamkumbusha kazi. Nikamkumbusha Afande Pruitt alivyokwenda kusimama mbele ya mwenye ile nyumba mpya na kumwapia kwamba mpangaji huyu hatamwangusha.

"Ndiyo hiyo sasa," akasema. "Kila mtu ananiapia. Jumatatu nitapewa ufunguo, Jumanne nitaukosa. Si nilikuwa na nyumba? Si nilikuwa na mume? Afadhali niondoke kabla hawajaniondoa."

"Nani anakuondoa?"

"Hujui. Wewe unalala usingizi."

Tulishavuka mpaka wa Karolina Kusini Colby alipochafua nepi ile moja, na gari likanuka hata Shavonne akashindwa. Akasimama kwenye kituo cha mafuta. Nikaenda kununua nepi humo dukani, nikamsafisha mtoto chooni. Nilipotoka nikamkuta Deja ameketi juu ya ukingo wa saruji kando ya friza la barafu, begi lake kifuani, na mama yake amesimama mbele yake.

"Ingia garini."

"Hapana, mama."

"Deja, sirudii."

"Usirudie. Nendeni. Mimi nakaa hapa."

"Utakaa hapa ufanye nini, uuze barafu?"

"Nitakaa tu." Hakupandisha sauti. "Kila shule, nikishajua choo kiko wapi, tunahama. Kule kwenye maegesho nilikuwa naamka kabla yako, nakuangalia kama bado unapumua. Sikukwambia. Fayetteville nimepata rafiki, anaitwa Marisol, ananiwekea nafasi wakati wa chakula. Jumatatu ataniwekea nafasi na mimi sitakuja. Mama, wewe unakimbia nini? Hakuna mtu anatufuata. Mimi ndiye ninayekaa nyuma, mimi ndiye ninayetazama nyuma. Hakuna mtu."

Nilidhani Shavonne atampiga kofi. Badala yake aligeuka, akaingia garini, Malakai akiwa bado amelala ndani, akawasha moto, akaondoka.

Sikuamini. Nilisimama na ndala zangu, mtoto mkononi, pakiti ya nepi kwapani, nikaliangalia gari mpaka likapinda kuingia barabara kuu, upande wa kusini. Deja hakulia. Alisogea kidogo kunipa nafasi ya kukaa.

"Atarudi," nikamwambia.

"Labda," akajibu, kama mtu mzima anayejibu swali la mvua.

Tulikaa. Muuzaji wa duka akachungulia kioo mara mbili, mara ya tatu akatuletea soda na kutuuliza kama atuitie polisi. Nikasema bado. Nilijua nikikubali, watoto wale watachukuliwa, na sitaweza kumtazama Shavonne usoni tena. Nikikataa, na ikawa kweli harudi, sitaweza kujitazama mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Colby akanyonya, akalala. Deja akatoa kitabu cha hesabu begini, akafanya mazoezi ya Jumatatu.

Nilikuwa nimeshainuka kwenda kuomba simu gari lilipotokea. Likaja polepole, likasimama mbali na sisi, likiwa limekaa vibaya juu ya mistari miwili ya maegesho. Shavonne akashuka. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akashika kiuno kama mtu aliyekimbia.

"Nilitaka kuhama njia," akaniambia mimi, si Deja. "Kwenye daraja. Kulikuwa na lori ubavuni, halikunipa nafasi. Nikapita moja kwa moja, na hakuna kilichotokea. Malakai akaamka akaniuliza, dada yuko wapi? Nikageuza gari, Wynette. Mtoto ananiuliza dada yuko wapi, na mimi ndiye niliyemwacha."

Ndipo akapiga magoti mbele ya binti yake, palepale kwenye mafuta yaliyomwagika. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Nisamehe," na Deja akasema, "Usifanye tena," na mama akasema, "Sitafanya," na Deja akamwambia, "Usiahidi. Usifanye tu."

Akanipa funguo. Nikaendesha mimi, kwa ndala. Yeye aliketi nyuma katikati ya watoto, na kila tulipokaribia daraja nilimsikia akivuta pumzi, nami nikashika njia yangu. Lumberton nikaipita tena bila kusimama. Kila mtu na ugonjwa wake.

Afande Pruitt alikuwa kibarazani. Shavonne hakumficha kitu. Alimweleza yote akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama zamani.

"Kwa hiyo umemteka nyara mpishi wangu na mtoto mchanga," Afande akasema.

"Ndiyo, Afande."

"Na umemwacha mwanao barabarani."

"Ndiyo, Afande."

"Hilo sitaliacha lipite. Kuanzia wiki ijayo utaonana na daktari wa akili, yule uliyemkwepa. Deja naye atapata mtu wa kuzungumza naye, peke yake, bila wewe. Na Jumatatu saa moja asubuhi utakuwa gereji."

"Na nikishindwa kukaa?"

"Utaondoka. Watu huondoka. Lakini utakuja kuniambia usoni mwangu, halafu ndiyo uwashe gari. Nenda kaoge, unanuka dizeli kabla hata hujaajiriwa."

Jumatatu alikwenda. Nisiseme uongo, haikuwa rahisi. Wiki ya pili aligombana na msimamizi wa zamu, akatupa spana, akatoka nje hadi getini. Alisimama pale getini muda wa mtu kunywa kahawa, kisha akarudi akaiokota. Usiku alilala sebuleni, na viatu miguuni. Kwa daktari alikwenda, akarudi amekasirika, akaenda tena.

Majira ya kupukutika majani nilimtembelea kwenye nyumba yake. Mimi nilikuwa bado Misonobari, nimeanza kazi jikoni kwenye hospitali. Shavonne alikaanga samaki, akapika na kabichi na mkate wa mahindi. Yule Marisol alikuwepo, wamejifungia chumbani na Deja, wanacheka juu ya mvulana fulani. Malakai aliruka kutoka kwenye kochi mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Shavonne akaganda, uma hewani. Nikaona macho yake yanakwenda mlangoni, yanakwenda dirishani. Kisha akafungua dirisha, akainama nje.

"Samahani, mama! Ni kijana wangu! Naitwa Shavonne, niko juu yako hapa!"

"Najua uko juu yangu!" sauti ya bibi ikajibu. "Nakusikia unaburuta kitanda!"

Akarudi mezani, mashavu yamemuiva kwa aibu, akacheka. Akatupakulia. Akamkatia Malakai samaki, akaondoa miiba, akanijazia glasi ya chai ya baridi, akachukua sahani yake na kula akiwa ameegemea jiko.

"Keti basi, shoga," nikamwambia.

"Naketi, naketi," akasema, akaenda kutazama kama mlango umefungwa vizuri.