Rovu la Ukoo wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu Nathanaeli, mzee wa kanisa hapa Isansa, aliamua mapema kwamba ugonjwa wa mwanangu umetoka kwetu Ileje. Ferista alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi shingoni, moyo wake ulienda mbio hata akiwa amekaa, na darasani hakutulia.

"Huko milimani kwenu mmezoea shingo za namna hiyo," mzee alisema mbele ya wageni, akicheka. Mume wangu Rabson alitazama kikombe chake cha chai. Nami nikamdharau.

Dawa za kupunguza homoni za tezi alizopewa hospitalini ziliongeza rovu tu. Mzee akasema nampikia mtoto vibaya, akaniletea chumvi yenye madini joto, kana kwamba jikoni kwangu haipo.

Hatimaye tulipewa rufaa ya Mbeya. Daktari alisoma vipimo, akauliza, "Mama, kwenye familia kuna mwingine mwenye rovu?"

"Kwetu hakuna. Kwa baba yake yupo babu, ila hulificha kwa kufunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye jua kali."

"Na shangazi yangu," Rabson alisema taratibu. "Alipasuliwa, likarudi."

Alijua miaka yote hiyo.

Daktari alieleza kwamba mwili wa Ferista hauitikii homoni ya tezi ipasavyo, hivyo ubongo unaendelea kuidai na tezi inazidi kuvimba. Ni hali ya kurithi, na mzazi mmoja anatosha kuipitisha. Alitupima wote wawili. Vipimo vyangu vilikuwa vya kawaida. Vya Rabson vilifanana na vya mwanaye. Dawa zile zikasimamishwa, mtoto akapewa ya kutuliza moyo.

Tuliporudi nilimfuata mzee sebuleni. "Baba, daktari anaomba nawe ukapimwe, na wajukuu wengine, wasije wakapewa dawa zisizowafaa."

"Mimi ni mzima. Usiniletee maneno ya wanawake."

Nilimtazama mtu mzima anayeogopa sindano kuliko mateso ya mjukuu wake, nikakosa hata hasira.

"Baba, tumerithi kwako," Rabson alisema. "Mimi nimepimwa."

Mzee alitoka kwenda kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja, ingawa ilikuwa imeshageuzwa. Wiki ile wifi yangu Tabita, dada yake Rabson, aliwapeleka wanawe kupimwa bila kumwomba mzee ruhusa. Mmoja alikutwa na hali hiyo.

Ferista sasa anamaliza somo akiwa amekaa. Babu yake hajapimwa, na bado anawaambia wageni kwamba rovu la mjukuu wake limeletwa na maji ya Ileje. Mimi huwaandalia chai, simbishii.